Uliza Muuguzi: "Wanasema ni mkaidi, mimi naona mgonjwa"

Tangu nitaje ugonjwa wa Huntington katika safu hii, barua zimemiminika, na nyingi zimetoka kwa wahudumu: Watanzania na Wakenya wanaofanya kazi ya kea, yaani kutunza wazee na wagonjwa, Uingereza, na wachache walioko nyumbani na Ughaibuni kwingine. Leo nawajibu hao. Kwa asiyeujua, Huntington ni ugonjwa wa ubongo wa kurithi. Daktari kijana wa Marekani, George Huntington, aliueleza mwaka 1872, na jeni inayousababisha, iliyo kwenye kromosomu ya 4, ikapatikana mwaka 1993. Mara nyingi huanza mtu akiwa na miaka 30 hadi 50, na huendelea kwa miaka 15 hadi 20 hivi. Viungo vinacheza vyenyewe, fikra zinapungua kasi, tabia inabadilika. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, nipo kwenye nyumba ya matunzo kaskazini mwa England, na kufundisha wahudumu wapya ni sehemu ya kazi yangu.

Dada, shikamoo. Nilitoka Moshi mwaka 2023 kwa viza ya kazi ya kea. Nyumba yetu ni ya wazee, lakini tumeletewa mama wa makamo mwenye Huntington. Mafunzo tuliyopewa ni video fupi kwenye kompyuta, tena ilihusu zaidi wazee wanaopoteza kumbukumbu. Huyu mama ukichelewa dakika moja anapiga kelele, juzi karusha sahani. Ukimwuliza kitu hajibu, anakukazia macho tu. Wenzangu wanasema ni mkaidi, anajifanya. Naogopa hata kuingia chumbani kwake. Nianzie wapi? — Msomaji, Leeds

Marahaba mdogo wangu. Mtu akirushiwa sahani lazima aogope, usijilaumu kwa hilo. Hao wanaosema anajifanya ndio wanaohitaji kukaa chini wafundishwe, na kwa video ile hawakufundishwa.

Huntington hula sehemu za ndani za ubongo zinazomsaidia mtu kuanza jambo, kuliacha, kulipanga na kujizuia. Sasa angalia hayo mawili yanayokusumbua: hawezi kusubiri, na akiulizwa hajibu. Utadhani yanapingana, kumbe chanzo chake ni kimoja. Ubongo ulioshindwa kujizuia ndio huohuo unaochelewa kuanza. Kwa hiyo katika chumba kile mwenye kusubiri ni wewe, maana yeye uwezo huo umeshamtoka.

Nikupe mfano wa kazini. Nilikuwa na bwana mmoja ambaye ukimwambia "Unataka kunywa nini?" alikukodolea macho kama hajasikia. Mhudumu mgeni alirudia kwa sauti kubwa, kisha akabadilisha: "Chai? Kahawa? Au nikuletee juisi?" Kila swali jipya lilifuta lililotangulia, naye akaanza upya kulitafutia jibu. Mimi nilikuwa nasema neno moja, "Chai?", halafu navuta kiti nakaa, mikono mapajani, ili asione kama nataka kukimbilia chumba kingine. Kimya kinakuwa kirefu mpaka mgeni anaona haya kwa niaba yako. Kisha midomo inaanza kutafuta mahali pake, na jibu linatoka: "Sukari mbili." Chai alishaikubali zamani, akili yake ilikuwa imefika kwenye sukari. Ningekata kimya kile, angekunywa chai isiyo na sukari na mchana kutwa angeitwa mkorofi.

Kuhusu kusubiri, futa kabisa "nakuja sasa hivi" kwenye maneno yako. Mpe saa, na saa hiyo iheshimuni wote. Kama sigara yake ni saa nne kamili, iwe saa nne kamili, imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa, na mhudumu wa zamu ya jioni asije na saa yake. Ratiba isiyoyumba inampunguzia kazi ya kujizuia. Mabadiliko yasiyoepukika, mfano miadi ya daktari, aambiwe mapema, kwa maneno machache, na akumbushwe.

Halafu mbinu za wale wazee wenzake msizihamishie kwake. Mzee mwenye Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ukimtoa kwenye jambo kwa kumwonyesha jingine, huenda akasahau. Huyu mama hasahau. Mwenye Huntington kwa kawaida anaendelea kuwatambua watu wake na kuelewa yanayosemwa hata maneno yanapomwisha kinywani. Ukimwambia uongo mdogo wa kumtuliza, kesho anakukumbuka nao. Na mkizungumza habari zake juu ya kichwa chake mkimbadilisha nguo, anasikia kila neno.

Uso wake nao usikudanganye. Misuli ya uso haifuati tena hisia, kwa hiyo anaweza kuwa amefurahi kukuona na sura imeganda. Yeye pia hupata shida kuzisoma sura zetu, hasa hasira, hivyo mwambie kwa maneno: "Nimefurahi leo umekula vizuri." Na akisema hana tatizo lolote huku mkono unampiga kitandani, usibishane naye. Si uongo. Ugonjwa wenyewe humnyima mtu uwezo wa kuuona mwili wake unavyokwenda.

Ile sahani sasa. Kabla ya kuandika kwenye daftari "alikuwa na fujo", jiulizeni: alikuwa na njaa? Choo kimefunga siku ngapi? Jino? Televisheni ilikuwa inapiga kelele? Aliguswa kwa nyuma bila kuambiwa? Mtu asiyeweza kusema "naumwa" husema kwa sahani. Andikeni kilichotangulia, saa, na nani alikuwepo. Baada ya muda mfupi mtaona mtindo, na mara nyingi chanzo ni kitu cha kurekebishika. Lakini akibadilika ghafla, au akisema hata mara moja kwamba amechoka kuishi, mwambie muuguzi siku hiyohiyo. Wagonjwa hawa hujiua zaidi kuliko watu wengine, na dawa kama tetrabenazini inayotuliza viungo inaweza kumzidishia mtu huzuni. Wewe unayemwogesha ndiye utakayeona kabla ya daktari.

Akikataa kuoga, kumbuka mko chini ya sheria ya mwaka 2005 ya uwezo wa kuamua, Mental Capacity Act. Inawataka muanze kwa kuchukulia kwamba mtu anaweza kujiamulia, na uamuzi usiowapendeza si ushahidi kwamba hawezi. Ondokeni, rudini baadaye, au ajaribu mhudumu mwingine.

Kuna jambo hawalifundishi kwenye video na mimi nalisema siku ya kwanza kabisa. Akija binti yake kumtazama, msimwambie "Unashika kikombe kama mama!" Kwetu hayo ni maneno ya upendo. Kwa binti yule, ambaye ana nusu kwa nusu ya kuurithi ugonjwa na huenda usiku kucha anachunguza vidole vyake mwenyewe, ni kisu. Msimwulize kama amepima. Mpe chai, mwambie mama amelalaje.

Mwisho, mwandikie meneja wako, kwa maandishi, si kwa mdomo, uombe mafunzo ya Huntington yenyewe. England na Wales kuna chama kinachoitwa Huntington's Disease Association chenye washauri wa ugonjwa huu, na kinafundisha nyumba za matunzo. Scotland wana chao. Kuomba mafunzo hakukufanyi uonekane hujui kazi, na kama viza yako inakutia woga wa kusema, andikeni barua mkiwa watatu au wanne.

Dada, pole na majukumu. Bwana ninayemhudumia anakula kama anayekimbizwa, anajaza mdomo, anapaliwa karibu kila mlo. Pamoja na hayo anakonda. Kiongozi wa zamu anataka tumpunguzie chakula ili asipaliwe. Ni sawa? — Msomaji, Leicester

Si sawa hata kidogo, kaka yangu, na usikubali likatekelezwa kimyakimya.

Mwili unaocheza mchana kutwa unachoma nishati, na ugonjwa wenyewe pia unakondesha. Mwanamume wa kawaida huelezwa kwamba anahitaji kilokalori kama 2,500 kwa siku. Wapo wenye Huntington wanaohitaji 4,000 na zaidi ili tu uzito usishuke. Huyo bwana ana njaa ya kweli. Mkimpunguzia, njaa itaongeza pupa, na pupa ndiyo inayompalia. Anahitaji chakula kingi zaidi, kwa milo midogo mingi, kilichotiwa siagi, krimu, jibini, karanga zilizosagwa laini kama zinamfaa, na kitu cha kula kabla ya kulala. Mpimeni uzito kila wiki, muandike.

Yeye ameshindwa kuacha kutia tonge jingine, basi sahani ndiyo imzuie. Sahani ndogo, kijiko kidogo, chakula kije kwa awamu. Zima televisheni, watu wasipitepite. Kaa mbele yake usawa wa macho yake, si kusimama ubavuni. Aketi wima kabisa, miguu imefika chini au imeegemea kitu, maana mwili usio na pa kujishikiza unacheza zaidi. Tonge moja, meza, angalia koo limepanda na kushuka, ndipo la pili. Neno moja linatosha, "Meza", sauti ileile kila mara. Usimwulize kitu mdomo ukiwa umejaa, kwa sababu atajaribu kukujibu, na hapo ndipo chakula kinapoingia njia siyo. Akimaliza abaki ameketi nusu saa. Kisha msafishe kinywa vizuri: nimonia inayotokana na chakula na mate kuingia mapafuni ni miongoni mwa mambo yanayowaua sana wagonjwa hawa, na kinywa kichafu huongeza hatari.

Kikombe kiwe na mfuniko na vishikio viwili, kijazwe nusu. Chini ya sahani weka mkeka wa mpira usioteleza. Kama bado anaweza kujilisha, ajilishe, meza ikichafuka itafutwa.

Lakini chakula kiwe laini kiasi gani, na kinywaji kiwe kizito kiasi gani, si uamuzi wako wala wa kiongozi wa zamu. Ni wa mtaalamu wa kumeza na kuongea. Kupaliwa kila mlo ni sababu tosha ya kumwita wiki hii. Atawapa namba kwenye vipimo vya IDDSI, vipimo vya kimataifa vya uzito wa kinywaji na ulaini wa chakula, vinavyoanzia 0 mpaka 7, na namba hiyo jikoni waijue, na wahudumu wa wikiendi waijue. Mwulize pia kuhusu mrija wa kulishia tumboni. Mazungumzo hayo yafanyike mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kusema ndiyo au hapana yake.

Akipaliwa huku anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, mtie moyo, usimpe maji. Kikohozi kikikosa sauti au akishindwa kupumua, mwinamishe mbele, mpige kwa kisigino cha mkono katikati ya mabega mara 5. Kisipotoka, zunguka nyuma yake, mbane tumbo juu ya kitovu ukivuta ndani na juu mara 5, ukibadilishana hivyo, na mwenzako awe ameshapiga 999, namba ya dharura ya Uingereza. Fanyeni mazoezi ya hili mkiwa na kiti chake chenyewe, kile kipana chenye mito. Kumfikia mtu kwa nyuma kwenye kiti kile si kama kwenye kiti cha mkutano wa mafunzo.

Hujambo dada. Nina ofisi ndogo Nairobi ya kupeleka wahudumu majumbani. Familia moja imetuomba tumhudumie baba yao. Daktari anasema dalili zote ni za Huntington ila kipimo cha jeni kimerudi hakuna. Wahudumu wangu wanane hawajawahi kuuona ugonjwa huu. Niwafundishe nini, na niwafundisheje kwa wiki moja? — Msomaji, Nairobi

Sijambo ndugu yangu. Nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kumpeleka mtu.

Hilo la kipimo kwanza. Mwaka 2001 watafiti walitambua ugonjwa mwingine unaofanana na Huntington karibu kwa kila kitu, unaoitwa kwa kifupi HDL2, unaotokana na jeni tofauti. Karibu wote waliopatikana nao wana asili ya Kiafrika. Familia imwulize daktari wa mishipa ya fahamu kama kipimo chake kinaweza kupatikana. Wahudumu wako hawana haja ya kungoja majibu, kwa sababu kumtunza ni kulekule.

Wanane ni wengi mno kwa mtu mmoja. Chagua watatu, au wanne, wakae naye. Kila sura mpya inamlazimu ajifunze upya, na kila mhudumu mpya atahitaji muda kuyasikia maneno yake. Wiki yako ya mafunzo ifanyie nyumbani kwake, angalau nusu yake, naye awe miongoni mwa walimu maadamu bado anaongea. Mwulize, mbele ya wahudumu: uji aupendao, upande anaolalia, nani asimwone akiwa uchi, wimbo gani uzimwe. Rekodi sauti yake kwa simu. Kwa bahati mbaya itafika siku rekodi hiyo itakuwa mwongozo pekee mlio nao.

Asubuhi moja waambie wahudumu waketi wawili wawili, mmoja akalie mikono yake, mwenzake amlishe mtindi kwa kijiko bila kusema neno, haraka, amesimama. Kisha wabadilishane. Hutahitaji kuhutubia tena kuhusu kulisha. Mimi nimeona watu wenye vyeti vingi wakigeuza uso kijiko cha tatu kinapokuja.

Kwenye kumtembeza, wafundishe wasimkamate mkono kwa nguvu. Mkono ukiruka, utawavuta wote wawili chini. Watembee karibu, kiganja kikiwa tayari nyuma ya kiuno, na njia ya kwenda chooni isiwe na vizulia wala stuli. Kitanda kiwe chini kabisa na godoro jingine sakafuni. Vyuma vya pembeni wengi huvidhania usalama, lakini mguu unaorukaruka usiku kucha kwenye chuma huamka na vidonda. Viatu viwe vya kufunga, si ndala.

Usiwaache bila wao wenyewe kuwa na pa kusemea. Ugonjwa huu unakwenda miaka. Watampenda huyu mzee, watapigwa kofi asilolikusudia, watamwona akipungua. Tenga saa moja kila wiki wakae na wewe, bila simu, waseme. Na ukilipia saa hiyo kama kazi, watakuja.

Asalaam aleikum dada. Mimi ni wa Muscat, nyumbani tunasema Kiswahili cha bibi zetu wa Unguja. Ami yangu ana Huntington. Anahudumiwa na khadama, yaani mfanyakazi wa nyumbani, msichana kutoka Afrika Mashariki ambaye hakuna aliyemweleza chochote, anadhani ami ana jini na anaogopa kuambukizwa. Familia inaona aibu ugonjwa utajwe, kuna mabinti hawajaolewa. Tumwambie nini? — Msomaji, Muscat

Waaleikum salaam mdogo wangu. Mwambieni jina la ugonjwa. Aliyepewa kazi ya kumlisha mtu ana haki ya kujua anachopambana nacho. Mwambieni kwa Kiswahili, mkiwa mmeketi naye: hauambukizi kwa mate, wala damu, wala nguo, na ami hamchukii anapomsukuma. Hayo niliyomwandikia msomaji wa Leicester msomeeni yote, na mmojawenu akae naye milo ya siku kadhaa za mwanzo badala ya kumwonyesha mara moja na kuondoka.

Hamko peke yenu hapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulizifuatilia familia zenye Huntington Oman, ukaiona asili ya jeni hiyo kwa mhenga wa Kiafrika. Kwa watu wenye bibi zao Unguja, hili halipaswi kushangaza wala kutia aibu.

Kuhusu mabinti: mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto, wa kike na wa kiume, ana uwezekano wa asilimia 50. Ndoa ya binamu si lazima ndipo utokee, na kuolewa mbali hakuuondoi kwa aliyeurithi. Kupima ni hiari ya mtu mzima mwenyewe, baada ya kuketi na mshauri wa magonjwa ya kurithi. Asipimwe ili kumridhisha mchumba, na mtoto asiye na dalili asipimwe mpaka akue ajiamulie.

Na yule msichana, usiku alale. Wagonjwa wengi wa Huntington hugeuza usiku kuwa mchana, na mtu mmoja hawezi kushika saa ishirini na nne akabaki na subira niliyoieleza hapo juu. Gawaneni usiku nyinyi vijana wa nyumba, kwa zamu iliyoandikwa, na mumpe siku yake ya mapumziko kila wiki hata kama ami ana hali mbaya siku hiyo.